Kabla Hujakata Ubao: Ndege ya Waya Yenye Sura ya Jeti kwa Hewa ya Nakuru

Ukikaa kuchora ndege ndogo ya mfano, ya waya na yenye sura ya jeti, mkono hukimbilia pua. Unaiona jinsi itakavyochongoka, kioo cha rubani kitakapokaa, matundu ya hewa ubavuni, na mkia uliolala nyuma kama wa zile F-5 za jeshi letu la anga zinapopita juu ya uwanja siku kuu za taifa. Weka penseli chini kwanza. Kaazime mizani ya jikoni, ile inayosoma gramu, kwa sababu ndiyo itakayokuchorea ndege hii kuliko penseli.

Kwa asiyeifahamu, ndege ya waya haina rimoti. Nyaya mbili nyembamba za chuma, za mita 18 hadi 21, hutoka kwenye ncha ya bawa la kushoto hadi kwenye mshikio ulio mkononi mwa rubani, naye husimama katikati na kuzunguka nayo. Ndani ya bawa kuna kikono kinachoyumba: waya mmoja ukivutwa, flapu (vibao vya ukingo wa nyuma wa bawa) na eleveta (kibao cha mkiani) hucheza pamoja, ndege ikapanda au ikashuka. Mmarekani Jim Walker ndiye aliyeueneza mchezo huu miaka ya 1940. George Aldrich, Mmarekani mwingine, akaja na ndege ya sarakasi iitwayo Nobler, na hadi leo ukipima michoro mingi utakuta vipimo vyake vimejificha humo. Hiyo “jeti” yenyewe ni sura tu. Mbele kuna propela inayovuta kama kawaida.

Sasa hewa. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari. Hapa hewa ina takriban asilimia 83 ya uzito iliyo nao pwani, na mchana wa jua kali inashuka hadi karibu 77. Bawa hunyanyua kwa kusukuma hewa, na hewa ikiwa chache, ndege ya kilo 1.6 inajihisi kama ya kilo 1.9. Mchoro ulioununua ulipimwa mahali pa chini, na aliyeuchora hakuwa akiwaza kreta ya Menengai hapa Nakuru. Kisumu, kwenye mita 1,130 hivi, kuna nafuu, ingawa joto la saa nane linaila nafuu hiyo yote. Eldoret ndiko kubaya zaidi.

Unaweza kulipa deni hilo kwa mwendo au kwa uzito. Kwa mwendo, utahitaji kama asilimia 10 zaidi: ndege iliyokusudiwa kumaliza mzunguko mmoja kwa sekunde 5.3 itabidi iumalize kwa 4.8, yaani kutoka kilomita 85 kwa saa hadi 94 kwenye nyaya za mita 20. Inawezekana. Lakini kona za mraba za sarakasi zinakujia haraka, na mimi macho yangu si ya kijana. Kwa hiyo mwendo nauongeza kwa shingo upande, na gramu nazipunguza kwa bidii.

Andika bajeti ya uzito kabla hujachora hata mstari. Yangu, kwa bawa la sentimita 150 kutoka ncha hadi ncha, ni hii: bawa na flapu zake gramu 360, bodi na mkia 320, mota na kidhibiti chake pamoja na propela 280, betri 300, magurudumu na miguu yake 100, vikono na fito za kuchezesha flapu na eleveta 60. Jumla 1,420. Kama umeapa kutovuka kilo 1.6, zimebaki gramu 180 za gundi, rangi, na hiyo jeti yako yote. Kioo, matundu, bomba la moshi la uongo huko nyuma: vyote vigombane humo.

Nimetaja mota kwa sababu injini ya mafuta huvuta pumzi, na kwenye hewa hii hupoteza nguvu kwa kiasi kilekile bawa linachopoteza. Tena mafuta yake, methanoli na mafuta ya mbarika, ni mahangaiko kuyapata. Mota ya umeme haipumui. Agiza betri mapema tu, maana usafirishaji wa betri za lithiamu kwa ndege una masharti.

Jambo linalowaangusha wengi ni bawa lililolala nyuma. Jeti bila mabawa yaliyolala haionekani jeti, naelewa. Ila bawa likilala sana, sehemu inayobeba mzigo husogea nyuma, na ukisawazisha ndege kwa kupima kutoka shinani mwa bawa, pale linapoungana na bodi, utakosea kwa sentimita kadhaa. Sehemu ya kusawazisha inahesabiwa kwenye upana wa wastani wa bawa, ndani ya robo yake ya kwanza, wala si shinani. Pia ncha za bawa la namna hiyo ndizo huchoka kwanza, yaani huacha kunyanyua, ndege inapokatwa kona kali, na ncha moja ikichoka kabla ya mwenzake, ndege inakulalia ndani, nyaya zinalegea, basi. Na bawaba za flapu zikiwa mshazari, vikono vyake vinapigana badala ya kusaidiana.

Dawa yake ni ya kijanja kidogo. Laza ukingo wa mbele tu. Ukingo wa nyuma, mahali pa bawaba, uache ukate bodi kwa pembe mraba kabisa. Mtazamaji aliye kando ya uwanja anaona mshale; bawa lenyewe linajua ni la kawaida. Ulalo wote uliobaki umalizie kwenye mkia wa wima, ambao hauna kazi kubwa kwenye ndege ya waya na unaweza kuulaza upendavyo. Bawa liwe nene, karibu asilimia 18 ya upana wake, na mgongo na tumbo vifanane, kwa sababu nusu ya sarakasi inachezwa kichwa chini. Bawa jembamba la F-5 liache kwenye picha.

Pua nayo ina mtego. F-5 ina pua ndefu, ndege ya sarakasi inataka fupi: kama sentimita 25 kutoka propela hadi bawa, na sentimita 40 na kidogo kutoka bawaba za flapu hadi za eleveta. Ukirefusha pua, uzito wa mota unakwenda mbali, unaongeza madini ya risasi mkiani kusawazisha, na bajeti imekwisha. Urefu udanganywe kwa kofia ya propela iliyochongoka na kwa mstari wa rangi unaoanzia puani hadi kwenye kioo. Matundu ya ubavuni yafanye yawe ya kweli, yapoze betri na kidhibiti. Tundu la kutokea liwe kubwa kuliko la kuingilia, la sivyo hewa inakwama.

Vifaa. Mbao za balsa hutoka mbali, hasa Ecuador, na bei yake hapa itakufanya ukate kwa adabu. Usinunue kwa macho; pima kila ubao, maana mbao mbili za ukubwa mmoja zinaweza kupishana uzito maradufu. Bawa laweza kukatwa kwa waya wa moto kutoka kwenye povu jeupe linalofungia friji, kisha likavikwa ngozi nyembamba ya balsa. Kuna pia ule mti wa majini ambao Wailchamus wa Ziwa Baringo huundia vyombo vyao vya kuvulia: ni mwepesi ajabu, na kwa kuchonga kioo cha rubani au ncha za mabawa unafaa. Usiufanye uti wa bawa. Spoki ya baiskeli nayo ni nzuri kwa ncha za fito, lakini fito nzima ya spoki itapinda ukivuta kwa nguvu, na eleveta itabaki nyuma huku mkono wako ukishaamuru. Nyaya za kurushia ziwe za chuma zilizosokotwa, milimita 0.38 hivi. Uzi wa nailoni wa kuvulia samaki unanyumbuka, usiuamini kabisa.

Rangi ndiyo iliyoniumiza. Ndege yangu ya kwanza ya sura hii niliipeleka kwa fundi wa kupuliza magari, nikamwambia nataka ing'ae. “Mzee, tukipiga bila filla itaonekana mbichi,” akasema. Nikakubali kama mjinga. Alifanya kazi safi kweli, iking'aa kuliko kioo. Nilipoipima ilikuwa imeongezeka karibu gramu 200, nyingi zikiwa mkiani, na ndege ikaruka kama mbuzi mjamzito. Siku hizi namkabidhi fundi mizani pamoja na ndege. Filla hapana, praima tabaka moja la ukungu, msasa mpaka karibu iishe, kisha rangi nyembamba. Rangi ya fedha inapendeza jeti na inafunika kwa tabaka chache. Nyeupe na nyekundu hutaka nyingi.

Uwanja wa mpira unatosha: upana wake wa mita 68 hivi unabeba duara lako la mita 43 na kuacha nafasi kila upande. Zungumza na mwenye uwanja, na uliza KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga nchini, kama eneo lenu lina zuio. Tazama juu kabla ya kutazama chini. Nyaya za stima zikiwa karibu, rudi nyumbani, kwani umeshika chuma cha mita 20 mkononi. Kwa sababu hiyohiyo usirushe kukiwa na ngurumo hata ya mbali, na huku kwetu, kuanzia Kericho hadi Kakamega na Kisumu, mawingu ya radi huja mchana karibu kwa ratiba. Asubuhi ndiyo yako, upepo wa ziwa haujaamka. Nyasi zikiwa ndefu weka magurudumu makubwa, na mpe mtu mmoja kazi moja tu: watoto na mbuzi wasiingie duarani.

Kabla ya kuruka, mtu aishike ndege bodini, wewe uvute mshikio kupitia mizani ya kuning'iniza, ile ya wauza viazi. Vuta hadi kilo 16, mara kumi ya uzito wake. Angani itavuta kilo 5 au 6, lakini waya uliopinda mahali hausemi hadi siku yake. Kisha inua mshikio: eleveta ipande. Usicheke, wapo walioruka nyaya zikiwa kinyume.

Ndege ianze kukimbia ili inapoinuka upepo uwe mgongoni mwako, uisukume nje na kukaza nyaya. Mara ya kwanza usicheze chochote. Ruka usawa wa bega, na msaidizi ahesabu mizunguko kumi kwa saa ya simu. Akisoma sekunde 48, usiguse kitu. Akisoma 55, tua, ongeza mizunguko ya mota, urudie kabla hujajaribu kuipindua.