Soma hesabu za kampuni kabla ya kununua hisa: anza na hati ya mkaguzi, kisha fuata fedha

Wanaonunua hisa Dar es Salaam au Nairobi, wengi wao huangalia vitu viwili tu: faida imepanda au imeshuka, na gawio ni shilingi ngapi. Mimi kazi yangu ni hesabu, na nasisitiza sana kwa wanafunzi wa uhasibu na kwa wawekezaji wadogo kwamba faida isomwe baadaye. Faida ina makadirio mengi ya menejimenti ndani yake. Fedha iliyoingia benki ina makadirio machache.

Pakua ripoti ya mwaka nzima kutoka tovuti ya kampuni au ya soko la hisa. Usitumie ukurasa wa gazeti. Matokeo ya robo mwaka yanayochapishwa magazetini kwa kawaida hayajakaguliwa, na maelezo ya hesabu, ambako mambo mengi yamelala, hayapo. Chukua pia ripoti ya mwaka uliotangulia, kalamu na kikokotoo.

Hatua ya 1: Hati ya mkaguzi

Ruka barua ya mwenyekiti na picha za wafanyakazi wenye tabasamu. Nenda moja kwa moja kwenye ripoti ya mkaguzi huru. Watanzania tumeshazoea lugha hii kila Aprili, ripoti ya CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, inapofika bungeni: hati safi, hati yenye shaka, hati isiyoridhisha, na pale mkaguzi anaposhindwa kabisa kutoa maoni. Kwa kampuni za hisa mgawanyo ni huohuo. Ukikuta hati yenye shaka, soma aya inayoeleza msingi wake, kwa sababu humo mkaguzi anataja hasa ni tarakimu ipi asiyoikubali au asiyoweza kuithibitisha.

Hati ikiwa safi, usifunge ukurasa. Maana yake ni kwamba hesabu zimeandaliwa kwa haki, kwa mujibu wa viwango, katika mambo yote ya msingi. Haisemi kwamba biashara ina afya wala kwamba bei ya hisa inafaa. Endelea kutafuta sehemu mbili.

Ya kwanza ni mashaka makubwa kuhusu uwezo wa kampuni kuendelea na biashara. Sehemu hii inaweza kukaa ndani ya hati safi kabisa. Hesabu za Kenya Airways za miaka ya korona zilikuwa nayo, na ndege ziliendelea kuruka kwa sababu serikali ilikuwa nyuma yake. Kwa hiyo ukiikuta, jiulize nani atakayeweka fedha kampuni ikikwama. Kama humwoni, hisa hiyo iache.

Ya pili ni masuala muhimu ya ukaguzi. Tangu hesabu za mwaka ulioishia Desemba 2016, viwango vya kimataifa vinamtaka mkaguzi wa kampuni iliyoorodheshwa sokoni ataje mambo yaliyomsumbua zaidi na aeleze aliyakagua vipi. Yaandike pembeni. Akitaja madeni ya wateja, au mapato ya mikataba mirefu, ameshakuonyesha pa kuchimba.

Hatua ya 2: Fuata faida hadi benki

Hii ndiyo hatua ninayoipa muda mwingi kuliko zote. Fungua taarifa ya mtiririko wa fedha na uweke faida kando ya fedha iliyotokana na shughuli za kampuni.

Tuchukue kampuni ya kubuni inayouza vifaa vya ujenzi. Mauzo yamepanda kutoka shilingi bilioni 20 hadi bilioni 22. Faida baada ya kodi ni bilioni 4.2, na tuseme kodi yote ya mwaka imelipwa. Sasa tembea nayo:

Faida: 4.2
Ongeza uchakavu, maana hakuna fedha iliyotoka: 0.9
Toa ongezeko la wadaiwa, yaani fedha ambazo wateja hawajalipa, kutoka 3.1 hadi 7.6: 4.5
Toa ongezeko la bidhaa ghalani, kutoka 2.4 hadi 3.3: 0.9
Ongeza deni jipya kwa wasambazaji, kutoka 2.0 hadi 2.5: 0.5
Fedha iliyopatikana kwenye shughuli: 0.2

Faida ya bilioni 4.2 imezaa shilingi milioni 200 tu. Na hakuna aliyevunja kanuni. IFRS 15, moja ya viwango vya kimataifa vya kuandaa hesabu, iliyoanza kutumika 2018, inataka mapato yaandikwe mteja anapokabidhiwa udhibiti wa bidhaa, awe amelipa au hajalipa.

Shuka mistari inayofuata. Kampuni imenunua malori ya bilioni 1.2 na imelipa gawio la bilioni 1.5. Jumla ni 2.7, nayo ilikuwa na 0.2. Pengo la bilioni 2.5 limezibwa na mkopo wa benki. Mwanahisa aliyefurahia gawio mwaka huo amelipwa kwa fedha za kukopa.

Mwaka mmoja wa namna hii unaweza kuwa na sababu nzuri, mfano mteja mkubwa aliyelipa Januari badala ya Desemba. Ikiendelea miaka mitatu, mimi huondoka.

Hatua ya 3: Umri wa madeni

Gawanya wadaiwa kwa mauzo, zidisha kwa 365. Mwaka jana wateja walichukua siku 57 kulipa, mwaka huu 126. Mauzo yameongezeka kwa asilimia 10, wadaiwa kwa asilimia 145. Hapo swali ni kama bidhaa zinauzwa kweli au zinagawiwa kwa ahadi.

Jibu liko kwenye maelezo ya hesabu, katika hatari ya mikopo, ambako kampuni nyingi hupanga madeni kwa umri. Tuseme ya zaidi ya siku 90 ni bilioni 3.8, na tengo la madeni mabaya dhidi yake, yaani hasara ambayo kampuni imekadiria kwa madeni yasiyolipika, ni asilimia 5 tu, yaani milioni 190. IFRS 9 inachukulia kwamba deni lililopitiliza siku 90 limeshashindwa kulipika, isipokuwa kampuni ionyeshe kwa ushahidi kwamba sivyo. Pandisha tengo hadi asilimia 40 uone: linakuwa bilioni 1.52, na faida inapungua kwa bilioni 1.33 kabla ya hesabu ya kodi. Sehemu kubwa ya faida ilikuwa imesimama juu ya kadirio moja.

Hatua ya 4: Madeni yaliyovaa jina jingine

Usiishie kwenye mstari wa mikopo. Soma maelezo ya wadai wengine (wanaoidai kampuni), dhamana na miamala na wahusika wa karibu, yaani wakurugenzi, ndugu zao na kampuni zao.

Carillion, kampuni ya ujenzi ya Uingereza, inafaa kusomwa na kila mwanafunzi. Benki zililipa wasambazaji wake mapema, nayo ikazilipa benki baadaye. Hadi pauni milioni 498 za mpango huo zilikaa nje ya mstari wa mikopo. Hesabu za 2016 zilipata hati safi Machi 2017, gawio likalipwa Juni, na Julai 10 kampuni ikatangaza kufuta pauni milioni 845 za thamani ya mikataba. Januari 15, 2018 ikaanguka, ikiwa na madeni ya karibu pauni bilioni 7 na taslimu milioni 29. Mkaguzi wake, KPMG, alitozwa faini ya pauni milioni 21 mwaka 2023.

Hatua ya 5: Sasa soma barua ya mwenyekiti

Ukiwa na tarakimu zako mkononi, tafuta maelezo yake kuhusu wadaiwa na mkopo mpya. Akiwa hakugusa hata kimoja, peleka maswali kwenye mkutano mkuu wa mwaka. Hata mwenye hisa mia moja ana haki ya kuuliza. Uliza kwa tarakimu: "Wadaiwa wa zaidi ya siku 90 ni bilioni 3.8. Hadi leo zimekusanywa ngapi?" Kisha andika jibu na jina la aliyelitoa, ulilinganishe na ripoti ya mwaka ujao.