Kabla Hujaweka Muda wa Brika Kujirudisha

Mvua za huku kwetu zinaanza Novemba na radi inakuja nazo. Kama wewe ndiye unayeshika rilei Iringa, Mufindi au Mbeya, yaani kifaa kinachoiamuru brika, ile swichi kubwa ya laini, ikate umeme na kuurudisha yenyewe, yapitie haya kabla wingu la kwanza halijatanda.

Jua hitilafu ya laini yako ni ya aina gani. Nyingi kwenye nyaya za juu ni za kupita: radi imepiga, moto umeruka juu ya vikombe vinavyoshika waya kwenye nguzo, basi. Ukikata umeme kidogo hewa inapoa, laini inakuwa nzima tena. Ila mkaratusi ukilalia waya, kila ukirudisha unaupiga mfumo mzima pigo la pili. Kebo ya ardhini usiirudishe kwa rilei hata mara moja.

Soma bamba la brika. Nyingi zimejengwa kukata, kusubiri sekunde 0.3, kurudisha na kukata tena papo hapo, kisha kupumzika dakika 3. Usiidai zaidi ya hapo.

Kwenye laini ndefu za kilovolti 220, kama ile ya Iringa, Mufindi hadi Mbeya, muda ndio kila kitu. Laini ikikatika fezi zote tatu, majenereta ya upande mmoja yanapoteza mzigo na kukimbia, ya upande wa pili yanaelemewa na kupunguza mwendo. Ukichelewa yanaachana hatua. Ukiwahi mno, hewa bado ina moto na shoti inawaka upya, tena wakati rota, sehemu zinazozunguka za majenereta, zimeshasukumwa mbali. Kata fezi yenye hitilafu peke yake: mbili zilizobaki zinaendelea kubeba sehemu ya mzigo, na pande mbili zinabaki zimeshikana. Lakini hizo fezi mbili huulisha moto wa ile iliyokatwa, kwa hiyo upe muda mrefu kidogo ufe, mara nyingi kati ya nusu sekunde na sekunde moja. Laini ikiwa ndefu zaidi, ongeza.

Sasa lile lililonifundisha mimi. Mufindi, mvua za Machi, laini ya kilovolti 33 inayopita kwenye chai na misindano. Brika yake tuliiwekea isubiri sekunde moja kabla ya kurudisha, ikafanya kazi miaka bila shida. Baadaye mwisho wa laini ukafungwa mtambo mdogo wa maji. Nikakagua, nikaona namba zilezile, nikatia saini. Radi ikapiga, brika yetu ikakata, lakini mtambo haukuzima. Ukabaki peke yake unalisha vijiji viwili, mzigo mwepesi, turbini ikaongeza mwendo. Fanya hesabu nami: gridi iko hezi 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde, mtambo umefika 50.5. Kwa sekunde moja tu umeitangulia gridi nusu mzunguko, yaani gridi inapopanda, wenyewe unashuka. Na sekunde moja ndiyo niliyoiweka mimi. Brika ikarudisha. Boliti za kiungo kati ya turbini na jenereta zilikatika kama miwa. Kijana wa zamu alitoka nje mbio akidhani paa limeanguka, na namshukuru Mungu alikuwa amesimama mbali na shafti. Mtambo ulikaa kimya wiki kadhaa.

Kwa hiyo, uliza kila mwaka: nani mpya anazalisha umeme kwenye laini hii? Kama yupo, brika isirudishe mpaka kipimo cha volteji upande wa laini kionyeshe imekufa kabisa. Mtambo wake lazima ujitoe kabla muda wako haujaisha. Jaribu mwenyewe, usikubali kuambiwa. Sisi tuliongeza hadi sekunde 5. Mwenye mashine ya kusaga hatalalamika kwa sekunde 5. Na pande zote mbili zikiwa hai, rudisha kwa rilei inayolinganisha volteji, hezi na pembe, si kwa saa.

Watu wakiwa kazini kwenye laini, zima kujirudisha, tundika kibao, ufunguo ukae mfukoni mwa msimamizi. Pima betri za kituo. Andika tarehe ya kila badiliko kwenye karatasi iliyo ndani ya kabati la rilei. Fyeka njia ya laini kabla ya Novemba, hasa kwenye misindano. Na ukungu ukiwa umeshuka usipande nguzo kwa sababu tu mtu amekupigia simu kwamba laini imezimwa. Nenda ukaipime, ukaifunge ethi, yaani uiunganishe na ardhi, ndipo upande.