Haller Park, Bamburi: wanyama wa kuanza nao na saa ya kuwaona

Wageni wengi huingia Haller Park saa sita mchana, hupita kizimba hadi kizimba bila kusimama, kisha hutoka wakilalamika kwamba kiboko hakuonekana. Kiboko alikuwepo. Alikuwa ndani ya maji, maana jua likiwa utosini hana sababu ya kutoka. Bustani hii si kubwa na wanyama wake si wa kuhesabu siku nzima, kwa hiyo ukichagua wanne na kuwafuata kwa saa zao utaona mengi kuliko anayetaka kuwamaliza wote.

Iko Bamburi, kaskazini mwa kisiwa cha Mombasa, kando ya barabara ya Malindi. Kutoka mjini panda matatu ya kwenda Mtwapa, ivuke daraja la Nyali, na mwambie konda mapema akushushe Haller Park. Beba kitambulisho, kwa kuwa mwenyeji na mtalii hawalipi sawa. Beba pia maji, angalau lita moja kwa kila mtu, na viatu vilivyofunika vidole. Mfuko wa nailoni uache nyumbani. Kenya iliupiga marufuku tangu 2017.

Ratiba ya kulisha ndiyo inayopanga ziara. Kwa kawaida twiga hulishwa mara mbili, karibu saa tano asubuhi na tena saa tisa alasiri, na kiboko karibu saa kumi. Ulizia langoni kabla ya kulipa, maana saa hubadilika. Ikiwa huna haraka, chagua alasiri: ingia saa nane na nusu, nenda moja kwa moja kwa twiga, pitia kwa kobe, uwe bwawani kabla ya saa kumi, mamba wawe wa mwisho. Ukiingia asubuhi utawapata twiga, lakini kiboko utamwona masikio tu.

Twiga

Hapa unamlisha kwa mkono wako, na hapa ndipo makosa mengi hutokea. Utapewa tembe za chakula. Usizishike kwa ncha za vidole. Weka tembe tatu au nne kwenye kiganja kilichonyooka, kidole gumba kikiwa kimebana pembeni, halafu tulia. Ulimi wa twiga una urefu wa karibu nusu mita, nao huzoa chakula kwa kukizungushia. Ukijaza konzi nzima, nusu itamwagika chini. Ukifumba mkono kwa woga, atalazimisha ulimi kati ya vidole, nawe utaruka nyuma na kumkanyaga aliye nyuma yako. Taya ya juu haina meno ya mbele, sawa na ng'ombe, kwa hiyo kuumwa si jambo la kuogopa sana. Cha kuogopa ni kichwa. Ni kizito, na twiga akishtuka au mwenzake akija kumnyang'anya, hukizungusha bila kuangalia nani amesimama hapo. Mtoto asimame ubavuni, asiwe chini ya kidevu, na mtu mzima amshike bega. Kofia ya ukili ivue, kwani kwa twiga hayo ni majani. Mate yake ni mazito na yanavutika, leso itakufaa.

Chakula kikiisha watu huondoka, na hapo ndipo inafaa kubaki. Twiga hucheua. Mtazame shingoni upande mmoja na utaona donge la chakula likipanda kutoka kifuani hadi mdomoni, likatafunwa, kisha likateremka tena. Tazama na pembe pia: za jike huwa na nywele ncha zote, za dume mzima huwa na upara kwa sababu ya kupigana.

Kobe

Kobe wakubwa wa hapa asili yao ni kisiwa cha Aldabra, Ushelisheli. Dume anaweza kufikia kilo 250 na kuishi zaidi ya miaka mia. Mmoja wao, Mzee, alijulikana dunia nzima baada ya tsunami ya tarehe 26 Desemba 2004, mtoto wa kiboko aliyeokolewa pwani ya Malindi alipoletwa hapa, akamganda na kulala ubavuni pake. Mtoto huyo aliitwa Owen. Baadaye alitenganishwa naye akawekwa pamoja na kiboko mwenzake, na hilo lilikuwa sahihi, kwa sababu kiboko mkubwa anaweza kumuumiza kobe kwa mchezo tu.

Kati ya wanyama wote wa bustani, kobe ndiye anayepuuzwa zaidi na ndiye anayelipa subira vizuri zaidi. Mkaribie kwa mbele, polepole, akuone. Ukimtokea nyuma atarudisha kichwa ndani kwa sauti ya “hsss”. Hiyo si hasira. Ni hewa inayotoka mapafuni kichwa na miguu inapojisokota ndani. Akitulia, na mtunzaji akikuruhusu, mkune shingoni chini ya kidevu au pale mguu unapoungana na mwili. Subiri. Kobe aliyezoea watu hunyanyuka kwa miguu yote minne, akanyoosha shingo na kusimama hivyo bila kutikisika. Akishuka, umemaliza, usirudie kwa ajili ya picha. Na usimpande mgongoni, hata mtoto mdogo asipandishwe. Gamba ni mfupa hai wenye mishipa ya fahamu, kwa hiyo anahisi. Ukishamgusa nawa kwa sabuni kabla ya kula chochote, maana kobe wanaweza kubeba salmonela, bakteria wa kuharisha, bila wao kuugua.

Kiboko

Simama mahali jua liko nyuma yako, la sivyo maji yatakuwa kioo na hutaona kitu. Tafuta vipande vitatu: masikio, macho, pua. Vyote viko juu ya kichwa kwa mstari mmoja, ndiyo maana anaweza kukutazama huku mwili wote ukiwa majini. Akizama, usiondoke. Kiboko mzima hukaa chini dakika tatu hadi tano kisha huibuka kupumua, na mara nyingi huibuka karibu na pale alipozamia. Simu iwe tayari kabla, kwa sababu mpumuo wenyewe ni wa sekunde chache.

Akipanua kinywa, watoto husema anapiga miayo. Mara nyingi ni onyo, na kama yuko karibu na ukingo rudi nyuma hatua kadhaa hata kama kuna ukuta. Akitoka majini utaona ute mwekundu ukimeremeta juu ya ngozi. Si damu wala si kidonda. Ni ute unaokinga ngozi dhidi ya jua na vijidudu. Usisimame nyuma yake anapotoka kwenda kula, kwani hutawanya mavi kwa kupigapiga mkia na hufika mbali kuliko unavyodhani. Wazee husimulia kwamba aliruhusiwa kuishi majini kwa sharti asile samaki, naye hutawanya ili wote waone hamna miba.

Mamba

Kuna neno moja tu la kujua: mamba aliyekaa kinywa wazi bila kusogea anapunguza joto. Hajafa, na hahitaji kuamshwa. Wanaomrushia sarafu au vifuniko vya chupa ili atikisike wanamuua taratibu, kwa kuwa mamba humeza vitu vigumu na chuma hubaki tumboni. Usimketishe mtoto juu ya ukuta wa bwawa kwa ajili ya picha.

Kuhusu picha kwa jumla, mbele ya wavu ingiza lenzi ya simu katikati ya tundu, iguse wavu, na utaona nyaya zimepotea. Kwa nyoka, bana simu kwenye kioo ili mwanga usirudi, zima flashi, na usigonge; nyoka hana masikio ya nje lakini mtikisiko anausikia vizuri.

Njiani kuna kima na tumbili. Kula ndani ya mgahawa, mkoba ufungwe zipu. Tumbili anayekuonyesha meno hatabasamu. Akikupokonya ndizi mwachie, maana ukivutana naye utaumwa, na baada ya hapo ni hospitali kwa sindano za kichaa cha mbwa.

Unapotembea chini ya mivinje, angalia chini. Eneo lote hili lilikuwa timbo la kiwanda cha saruji, mwamba mtupu wa matumbawe, hadi mwaka 1971 Rene Haller, mtaalamu wa kilimo ambaye bustani imepewa jina lake, alipoanza kupanda miti. Mvinje ulistahimili, lakini majani yake membamba yalirundikana bila kuoza. Jongoo wenye miguu myekundu walioletwa kuyala ndio waliotengeneza udongo, na bila wao pasingekuwa na nyasi za wanyama wala kivuli cha kutembea. Huonekana zaidi mvua ikinyesha. Mtoto anaweza kumtazama akijikunja, ila asimshike kwa kumbana: hutoa majimaji yanayochoma macho na kuacha doa la kahawia mkononi. Nawa mara moja kwa sabuni; doa litabaki kwa muda, kisha litatoka lenyewe.