Mwanza kwa Siku Mbili: Mawe, Sato na Pa Kulala

Kisiwa cha Saanane, hifadhi ya taifa tangu 2013, nenda asubuhi: mchana upepo wa ziwa huamsha mawimbi na abiria hulowa. Boti huondokea mtaa wa Capri Point. Vaa viatu vyenye soli ya kushika, maana utapanda miamba. Kuna pimbi, swala na mamba, hivyo kuogelea sahau. Kichocho nacho kipo ziwani.

Jua huzama karibu saa moja jioni. Fika Jiwe la Bismarck, mwamba maarufu ulio ziwani karibu na ufuko, nusu saa mapema, kisha tafuta sato wa kuchoma. Mchague mwenyewe akiwa mbichi na mpatane bei kabla hajaingia jikoni, la sivyo bili itakushangaza.

Chumba kilicho juu ya baa ni nafuu kwa sababu: muziki. Wapenda usingizi, Capri Point.