Ukikata sponji usiikandamize

Jamani wanaokata sponji za viti, mito, au za kulaza vifaa ndani ya boksi, kosa kubwa ni lile la kuishika kwa nguvu na kuikandamiza huku unakata, ukiachia tu mkono ile kingo inarudi imebonyea katikati kama imeng'atwa, na hapo hairekebishiki tena. Iache ilale yenyewe mezani, chora kwanza umbo kwenye karatasi ngumu, likate, liweke juu ya sponji uzungushe maka peni, halafu tumia kisu kirefu chembamba chenye makali ya wembe, kivute kuelekea kwako taratibu mara nyingi bila kubonyeza, kila mkato unaingia kidogo tu mpaka ufike chini. Kisu kisimame wima, la sivyo juu itakuwa sawa na chini imekimbia. Na ongeza kama nusu sentimita kila upande ndo ikae imebana, ukikata saizi kamili italegea. Kisu cha umeme cha jikoni ndo kitamu zaidi kwa sponji nene, kweli kabisa.

Waya wa moto, ule unaopashwa joto ukate kwa kuyeyusha, ni wa ile foma nyeupe nyepesi ya kufungashia tivi, na hata hiyo katia sehemu yenye hewa. Sponji ya godoro usiichome kabisa, moshi wake ni sumu. Ile nyeupe pia usiipake gundi ya viatu, inaiyeyusha unabaki na shimo, tumia gundi ya mbao ya maji.