Namna ya Kumsikiliza Jimi Hendrix kwa Mpangilio

Anayetaka kumfahamu Jimi Hendrix, mpiga gitaa wa Marekani aliyefariki akiwa na miaka 27, hukumbana kwanza na lundo la albamu zenye jina lake, nyingi zikiwa zimetolewa baada ya kifo chake kutokana na kanda zilizobaki. Anza na nne alizozitoa akiwa hai: Are You Experienced na Axis: Bold as Love za 1967, Electric Ladyland ya 1968 na Band of Gypsys ya 1970. Ya kwanza ina matoleo mawili: lile la Uingereza halikuwa na nyimbo za Hey Joe wala Purple Haze, la Marekani lilikuwa nazo.

Jua pia alikotoka. Alizaliwa Seattle mwaka 1942, akawa askari wa miavuli kwa muda mfupi, kisha akawapigia gitaa wengine, wakiwemo Isley Brothers na Little Richard, hadi Chas Chandler, aliyekuwa mpiga besi wa bendi ya The Animals na akawa meneja wake, alipompeleka London mwaka 1966. Miaka hiyo ya kusindikiza waimbaji haifai kurukwa, kwa kuwa umahiri wake mkubwa, kwa maoni yangu, uko katika kusindikiza kuliko katika solo, yaani vipande ambavyo gitaa hutamba peke yake.

Ili kuuona umahiri huo, sikiliza wimbo wa Little Wing, ulio kwenye Axis: Bold as Love, kwa hedifoni na kurudia sehemu ya mwanzo, kabla hajaanza kuimba. Kidole gumba hupita juu ya shingo ya gitaa na kubana uzi mnene, hivyo vidole vingine vinabaki huru kuzipamba kodi (noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja), na besi na melodia zinatoka katika gitaa moja. Kwa kuwa alikuwa mashoto na aliligeuza gitaa la Stratocaster la watu wa mkono wa kulia, anayejifunza kwa mkono wa kulia akitazama video zake atamwona kama anajitazama kwenye kioo. Mara nyingi alilegeza nyuzi zote kwa nusu toni, hatua moja ndogo ya sauti kushuka chini. Usipofanya hivyo, gitaa lako halitaafikiana na rekodi.

Kisha nenda kwenye Machine Gun, wimbo wa albamu ya Band of Gypsys, uliorekodiwa jukwaani New York tarehe 1 Januari 1970, wakati vita vya Vietnam vikiendelea. Mara ya kwanza fuata ngoma za Buddy Miles zinazoiga milio ya risasi, mara ya pili fuata gitaa. Kisa cha kuchoma gitaa jukwaani kwenye tamasha la Monterey, California, mwaka 1967 kinasimuliwa mno, ilhali hakikufundishi lolote kuhusu upigaji wake.

Alifariki London tarehe 18 Septemba 1970, wiki chache baada ya studio yake, Electric Lady, kufunguliwa New York. Katika albamu za baadaye, tangulia na First Rays of the New Rising Sun ya 1997, iliyokusanya nyimbo alizokuwa akiziandalia albamu mpya. Kwa nyingine zote, tafuta kwenye jalada mwaka wa kurekodiwa, wala si mwaka wa kutolewa.