Jinsi ya kumtoa mrushaji wa besiboli kilimani

Nilicheza udakaji, yaani kuchuchumaa nyuma ya mpigaji na kudaka mipira ya mrushaji, miaka mingi kabla sijapewa timu, kwa hiyo jicho langu huanzia kwenye glavu ya mdakaji. Akiiweka chini, pembeni, kumwonyesha mrushaji pa kulenga, kisha ikabidi airukishe hadi usawa wa kifua, tena na tena, ujue mkono wa mrushaji umechoka, hata kama kasi bado ipo. Mrushaji mwenyewe usimuulize. Wote husema wako sawa.

Piga simu mapema, warushaji wa akiba wapashe misuli. Halafu angalia kanuni. Katika ligi kuu ya Marekani, ukimwendea mrushaji yuleyule mara ya pili ndani ya iningi moja (awamu ambayo kila timu hupata zamu yake ya kupiga), lazima atoke. Tangu 2020, anayeingia sharti akabiliane na wapigaji 3 au amalize nusu ya iningi, isipokuwa ameumia. Kwa hiyo usimlete kwa ajili ya mpigaji mmoja wa mkono wa kushoto ukawasahau wawili wanaomfuata.

Ukifika kilimani, pale palipoinuka anaporushia mrushaji, nyoosha mkono, pokea mpira, sema “kazi nzuri”. Maelezo yasubiri kesho, ofisini, mlango umefungwa. Akirusha glavu benchini, mwache. Mimi humhofia zaidi anayetoka akitabasamu.